Lord Delamere: cheo alirithi, ardhi alipewa

Majuzi nilikuwa Kiritiri, huko Mbeere, kwa shughuli zangu. Dukani nikanunua yogati yenye jina Delamere. Mzee mmoja mwenyeji, ambaye kwa miaka mingi anafuatilia hati ya shamba la marehemu babake, akaniuliza huyo Delamere alikuwa nani. Nilivyomsimulia ndivyo ninavyowasimulia nyinyi, ndugu zangu Wapwani.

Jina lake ni Hugh Cholmondeley, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1870. Delamere ni cheo, alichopewa babu yake mwaka 1821. Kwetu sisi mtu akifariki, mirathi hugawanywa: mke ana fungu lake, mabinti wana lao. Cheo kile hakigawanywi. Humwendea mtoto wa kiume aliye mkubwa. Kwa hiyo babake alipofariki mwaka 1887, Hugh akawa Lord Delamere wa tatu akiwa na miaka 17.

Alianza kwa kuwinda katika nchi ya Wasomali. Huko simba alimrarua mguu, akaokolewa na msaidizi wake Msomali, Abdullah Ashur. Alichechemea maisha yake yote. Mwaka 1897 alifika Laikipia, na mwaka 1903 serikali ya Kiingereza ikamkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Baadaye akapata Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, katika Bonde la Ufa ambako Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904.

Bidii alikuwa nayo. Kondoo walimfia, ng'ombe wakaugua, ngano ikaliwa na kutu, naye akazidi kuzamisha mali ya urithi wake. Lakini ndiye pia aliyewaongoza walowezi kudai nyanda za juu ziwe za wazungu peke yao.

Alifariki Novemba 1931 na kuacha madeni makubwa. Cheo kikamwendea mwanawe Thomas. Baada ya uhuru, barabara ya Delamere jijini Nairobi ikaitwa Kenyatta, na sanamu yake ikaondolewa. Soysambu ikabaki na ukoo wake.

Mzee akauliza vipi mgeni apate karatasi upesi, naye mwenyeji azeeke akiingoja. Sikuwa na jibu. Nasi Pwani twaujua uchungu huo: makaburi ya wazee wetu yako shambani, hati iko kwa mwengine. Wazee walio hai tuwaulize mipaka leo, tuiandike, tuwape mabinti haki yao, na hati tuzifuatilie kabla hatujachelewa.