Abu Hurayra (R.A.): Baba wa Kipaka



Hapa kwetu Yamumbi paka ana heshima yake wakati wa mavuno. Mahindi yakishaingia stoo, kila boma linamtaka. Lakini akizeeka, meno yakaisha na panya wakaanza kumpita mbele ya macho, gunia linatafutwa. Usiku anaenda kutupwa sokoni, na asubuhi hakuna anayemuulizia. Ndio maana nimeonelea tuyaangalie maisha ya Sahaba anayejulikana kwa jina la paka.

Jina lake mashuhuri ni Abdulrahman bin Sakhr, wa kabila la Daws kutoka Yemen. Alipokuwa akichunga mbuzi wa jamaa zake alikuwa na kipaka. Usiku alimweka juu ya mti, mchana akaenda naye machungani wakicheza. Watu wakamwita Abu Hurayra, yaani baba wa kipaka, na jina hilo likashinda lile la kuzaliwa.

Alifika Madina mwaka wa 7 Hijria (628), wakati wa vita vya Khaybar. Hakuwa na shamba wala biashara. Aliishi na Ahlu Suffa, mafukara waliolala msikitini kwa Mtume (S.A.W.). Njaa ilimbana hadi akafunga jiwe tumboni. Wakati mwingine alianguka, watu wakidhani ana wazimu, kumbe ni njaa tupu. Sisi tunaofunga huku tunajua futari ipo, hebu tumfikirie.

Katika shida hiyo hakumsahau mama yake, ambaye alikuwa bado amekataa Uislamu. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akilia, akaomba aombewe dua. Kurudi nyumbani, mama akatoa shahada. Akarudi kwa Mtume akilia tena, safari hii kwa furaha.

Alikaa na Mtume miaka michache tu, lakini hadithi alizozipokea zinapita 5,000. Mojawapo ni ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, asimpe chakula wala asimwachie ajitafutie. Nyingine ni ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Sasa tujiulize. Paka mzee asiye na meno, hata mlango ukiwa wazi, si ni kama amefungiwa? Hawezi kujitafutia. Riziki yake iko mikononi mwetu, na kumtupa sokoni ni kumfungia njaa.

Kumtunza si kumpa makombo tu. Paka akipita miaka 10 hivi amezeeka, na paka huficha maumivu. Ukiona anakonda, anakunywa maji kupita kawaida, mdomo unanuka au anashindwa kuruka, huenda ni figo, meno au viungo. Usingoje alale chini. Daktari wa mifugo, yule yule tunayemwita kwa ng'ombe, anaweza kumwangalia mara mbili kwa mwaka: ampime uzito, atazame meno, amchanje dhidi ya kichaa cha mbwa. Na tafadhali usimpe Panadol. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Abu Hurayra (R.A.) baadaye alikuwa gavana wa Bahrain zama za Sayyidna Umar (R.A.), na akawahi kushika uongozi wa Madina. Alifariki karibu mwaka wa 59 Hijria, akiwa na umri wa miaka 78 hivi, akazikwa Baqii. Yule fukara wa msikitini alikuwa sasa mzee anayeheshimiwa, mwalimu wa watu wengi, na bado aliitwa baba wa kipaka bila kuona haya.

Ndugu yangu, leo ukimaliza kufuturu, mtazame yule mzee aliyejikunja karibu na jiko. Miaka yote amekulindia mahindi. Sasa ni zamu yako.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atujaalie kuwa wenye huruma. Ramadhan Mubarak.