Daktari Krapf na wazee wa Mvita

Mimi ni mtu wa Mombasa, ila riziki yangu ya ualimu iko huku Kwanza, karibu na Kitale, nchi ya mahindi. Juzi kijana mmoja darasani alifasiri sentensi ya Kiingereza, akaandika kuwa mkulima amepanda wali. Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikumlaumu. Mwingereza huweza kutumia neno moja, rice, kwa kilichoko shambani, kilichoko guniani na kilichoko sahanini. Neno lenyewe alilipata kwa Wafaransa, nao asili yao ni Wayunani, na ruzi ya Waarabu ni ndugu yake. Kwetu, mpunga si mchele, wala mchele si wali.

Basi nikawasimulia habari za Daktari Ludwig Krapf, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1810. Baada ya kufukuzwa Uhabeshi alifika Unguja Januari 1844, Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha, naye akahamia Mvita. Julai mwaka huo huo homa ikamwua mkewe, Rosine, na binti yao mchanga akafa siku chache baadaye. Akawazika ng'ambo ya pili, bara. Mwingine angefunga mizigo arudi kwao. Yeye alibaki, akawa anaandika maneno.

Alikuja kueneza dini yake, na hilo hatuna haja nalo hapa. Tena ndiye aliyeshikilia kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu tulizozizoea, jambo ambalo mpaka leo lauma. Lakini kamusi yake haikutoka kichwani mwake. Alikaa na wenyeji akiuliza, na Sheikh Ali bin Modehin, kadhi wa Mombasa, alimsaidia katika tafsiri zake. Kisha, Mjerumani huyo, akazieleza maana hizo kwa Kiingereza, lugha ambayo nayo si yake! Wala neno moja kwa neno moja halikutosha, ilimbidi aeleze.

Ugonjwa ulimwondoa pwani mwaka 1853. Alifariki kwao Korntal, Novemba 1881, na kamusi ikatoka London mwaka 1882, yeye asiione.

Kitabu hicho chatajwa kwa jina la Krapf peke yake. Yule kijana wa wali akanyosha mkono, akauliza: mbona si la kadhi pia?