Breguet na Saa ya Malkia

Abraham-Louis Breguet alizaliwa mnamo mwaka wa 1747 mjini Neuchâtel, mji ulioko Uswisi hii leo. Babake alifariki yeye angali mtoto. Mamake akaolewa na fundi wa saa, na ufundi ukaingia nyumbani. Mwaka wa 1775 alifungua karakana yake jijini Paris.

Mnamo 1783 akaagizwa saa ya mfukoni ya Malkia Marie Antoinette. Iwe na kila utaratibu uliojulikana na mafundi wa enzi hizo, na dhahabu itumike kila palipowezekana. Hakuwekewa kikomo cha fedha wala cha muda. (La muda ndilo lililoponza!) Mwaka wa 1793 malkia alikatwa kichwa, Breguet, ambaye naye alikuwa hatarini, akatorokea makwao. Alirejea Paris mwaka wa 1795, na mwaka wa 1801 akapewa hataza ya kifaa kinachozungusha kiini cha mwendo wa saa ili mvutano wa dunia usiipotoshe majira.

Saa ya malkia ilikuwa bado. Breguet alifariki mwaka wa 1823, na karakana yake ikaikamilisha mwaka wa 1827. Mnamo 1983 iliibwa katika jumba la makumbusho mjini Yerusalemu, ikarejea humo baada ya zaidi ya miaka ishirini.