Mcheza kwao hutunzwa, je, Seraphino Antao tulimtunza?

Ukimwuliza mwanafunzi wa Garsen au Hola ni nani Mkenya wa kwanza kuleta dhahabu ya riadha kutoka michezo mikubwa ya kimataifa, aghalabu atakutajia Kipchoge Keino. Mwenzake atasema Naftali Temu. Anayejua zaidi kidogo atamtaja Wilson Kiprugut, na huyo kweli alitangulia kupata medali ya Olimpiki, lakini ilikuwa shaba. Wote watatu ni mashujaa, na wote ni watu wa bara. Ndiyo maana vijana wetu wengi wamekubali, bila hata kufikiri, kwamba mbio ni za watu wa milimani na sisi wa pwani kazi yetu ni kupiga makofi.

Habari yenyewe si hivyo. Dhahabu ya kwanza ilishindwa na mtoto wa Mombasa, mtu aliyekulia kwenye joto na chumvi ya bahari kama sisi, tena kwa mbio fupi na si ndefu. Jina lake ni Seraphino Antao. Leo nataka kueleza maisha yake, kisha niseme yanatuhusu vipi sisi wa Tana River.

Antao alizaliwa Mombasa tarehe 30 Oktoba 1937, katika jamaa ya Wagoa. Vijana wa leo huenda hawawajui watu hawa. Ni Wahindi Wakristo wenye asili ya Goa, sehemu ya pwani ya magharibi ya India iliyotawaliwa na Wareno kwa zaidi ya miaka 450, na ndiyo maana majina yao mengi ni ya Kireno. Wengi walivuka bahari kuja Afrika Mashariki kufanya kazi za ukarani, ushonaji, upishi na ualimu. Mombasa walikuwa na kanisa lao, klabu zao na shule yao, na ni katika shule hiyo ya Wagoa ndimo Antao alimosomea.

Tusisahau wakati ule ulikuwaje. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewagawa watoto kwa rangi. Mzungu alikuwa na shule yake, Mhindi yake, Mwarabu yake na Mwafrika yake, na fedha za serikali hazikugawanywa sawa hata kidogo. Watoto wa mji mmoja, wanaooga bahari moja, waliweza kukua bila kukaa dawati moja. Mahali pamoja palipowakutanisha ni uwanja wa michezo. Pale bastola ikilia, saa ya msimamizi haikuuliza baba yako ni nani.

Alipomaliza masomo, Antao aliajiriwa bandarini na kampuni ya Landing and Shipping. Huko ndiko alikokutana na Mwingereza aliyeitwa Ray Batchelor, mtu aliyeijua riadha, naye akaona kwamba kijana huyu ana mbio ambazo hajafundishwa kuzitumia. Batchelor akawa kocha wake. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu walimu wanaosoma hapa watalielewa. Kipaji pekee hakitoshi. Mbio za yadi 100 ni kama mita 91, zinakwisha kabla hujahesabu kumi. Anayechelewa kidogo kuinuka kwenye mstari wa kuanzia, au anayekaza mabega badala ya kuyalegeza, ameshapoteza. Mambo hayo hujifunzwa kwa kurudiwarudiwa, jioni baada ya jioni, na mtu mzima akiwa amesimama kando anaangalia.

Mwaka wa 1958 Antao alikuwa katika timu ya Kenya iliyokwenda Cardiff, nchini Wales, kwenye michezo tunayoiita leo ya Jumuiya ya Madola. Yeye hakupata medali. Kenya ilipata shaba mbili, moja ya Bartonjo Rotich katika mbio za kuruka viunzi na nyingine ya Arere Anentia katika maili sita. Miaka miwili baadaye alikimbia kwenye Olimpiki ya Rome, na huko pia akarudi mikono mitupu. Wangapi wangeacha hapo? Alikuwa na ajira yake, na riadha ya wakati ule haikuwa na malipo. Mwanariadha hakuruhusiwa kulipwa, na akishalipwa alifungiwa. Hata hivyo aliendelea.

Matunda yakaja mwaka wa 1962. Kwanza alikwenda Uingereza akashinda mbio za yadi 100 na yadi 220 katika mashindano ya ubingwa wa nchi hiyo. Kisha mwezi wa Novemba timu ya Kenya ikasafiri hadi Perth, magharibi mwa Australia. Joto lilikuwa kali kupita kiasi siku zile, na wanariadha wengi kutoka Uingereza na Kanada waliteseka nalo. Sina haja ya kumweleza mtu wa Garsen joto ni kitu gani. Antao, mtoto wa pwani, akashinda yadi 100 kwa sekunde 9.5. Haikutosha, akashinda na yadi 220 kwa sekunde 21.1. Dhahabu mbili kwa mtu mmoja. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Sasa weka ushindi huo kando ya habari za nyumbani za mwaka huohuo. Kenya ilikuwa bado koloni. Na huku pwani mjadala uliokuwa ukitokota ni ule wa Mwambao, yaani kama ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kuanzia Vanga hadi Kipini yetu hapa mdomoni mwa Mto Tana, uingie katika Kenya huru au ujitenge. Ndugu walikuwa wakibishana barazani juu ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Wakati maneno hayo yakiendelea, kijana wa Mombasa ambaye wengi wangemwita mgeni ndiye aliyelitangaza jina la Kenya nzima kuliko mwanamichezo mwingine yeyote kabla yake.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, bendera mpya ikapandishwa. Oktoba 1964 Kenya ilikwenda Tokyo kwenye Olimpiki yake ya kwanza ikiwa taifa huru, na aliyepewa kuibeba bendera hiyo mbele ya dunia alikuwa Antao. Mbio zenyewe hazikumwendea vizuri, hakufika fainali. Medali ya Kenya mwaka ule ilikuwa ni shaba ya Kiprugut katika mita 800. Lakini heshima ya kutangulia na bendera ilikuwa yake, na alistahiki.

Baada ya Tokyo aliacha mashindano. Akahamia London, akaishi huko miaka yake yote iliyobaki, na huko ndiko alikofariki tarehe 6 Septemba 2011, akiwa na miaka 73. Kizazi kizima cha watoto wa pwani kimezaliwa, kimesoma na kimeoa bila kulisikia jina lake shuleni.

Hapa ndipo ninapotaka tutafakari pamoja. Waliosimama na Antao kupokea medali za yadi 100 kule Perth walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Tom Robinson, kutoka visiwa vya Bahamas, aliyekuwa amesoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Bahamas ni visiwa vidogo, na wakati ule navyo vilikuwa koloni la Mwingereza kama sisi. Uwanja mkuu wa taifa wa visiwa hivyo, mjini Nassau, unaitwa kwa jina la Robinson, na aliitwa hivyo akiwa hai, akaona kwa macho yake. Chuo chake nacho kilimwandika katika orodha ya wanamichezo wake wa heshima. Wa tatu alikuwa Michael Cleary wa Australia. Huyo aliichezea nchi yake raga ya aina zote mbili, kisha akaingia siasa, akawa mbunge na waziri wa michezo wa jimbo la New South Wales. Watu wake walimtumia hata baada ya miguu kuchoka.

Wa pili ana uwanja. Wa tatu alipewa wizara. Na wa kwanza, aliyewashinda wote wawili? Mimi katika safari zangu zote kutoka Lunga Lunga hadi Lamu sijaona bado uwanja wa pwani wenye jina la Seraphino Antao. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, sisi ndio tuliosahau kutunza.

Msomaji ataniuliza, Antao wa Mombasa na mimi wa Garsen tuna nini? Tunayo mengi. Kaunti yetu ina watoto wenye miguu na mapafu. Kijana wa Kiorma anayetembea na ng'ombe toka alfajiri hadi malishoni, na kijana wa Kipokomo anayepiga kasia na kulima kando ya mto, hao si watu dhaifu. Wanachokosa ni uwanja usiomezwa na mafuriko, na mtu mzima wa kusimama kando jioni kama Batchelor. Wanakosa pia mfano wa mtu wa kwao aliyefika.

Tena sisi tunalo jeraha letu. Mwaka wa 2012 tuliona katika delta hii jinsi ugomvi wa malisho na maji unavyoweza kugeuka mauaji, nyumba zikachomwa na watoto wakazikwa. Sisemi mbio zitatatua suala la ardhi, hilo lina wenyewe na sheria zake. Ninasema hivi: kijiti cha mbio za kupokezana hakipokelewi na adui. Shule inayowaweka Mpokomo, Muorma, Mwardei na Mmunyoyaya katika timu moja ya wanne imewafundisha jambo ambalo mkutano wa amani wa siku moja hauwezi. Uwanja uliomkutanisha Antao na wenziwe wakati wa ukoloni unaweza kuwakutanisha wetu leo.

Na kumbukumbu haihitaji bajeti kubwa. Kila shule na kila chuo katika kaunti hii kimewahi kuwa na msichana aliyekimbia hadi mashindano ya mkoa, au kipa aliyeiokoa timu. Leo huyo ni muuguzi katika zahanati, ni mwalimu, ni dereva wa matatu ya Malindi, ni mama anayeuza samaki, ni chifu. Walimu wakuu, fungueni daftari moja, andikeni majina yao, mwaka waliocheza, walichoshinda, na walichokuja kuwa baadaye maishani. Hilo la mwisho msiliache, kwa sababu mtoto anapaswa kujua kwamba aliyekuwa na nidhamu uwanjani ndiye aliyekuja kuwa na nidhamu kazini. Siku ya michezo waalikeni, waketi mbele pamoja na wageni rasmi, wao ndio wakabidhi vikombe.

Waheshimiwa madiwani na idara ya michezo ya kaunti, nanyi mna fungu lenu. Uwanja unaojengwa kwa fedha za umma usipewe jina la anayeshika kalamu mwaka huo. Upeni jina la aliyeukimbilia. Na ndugu zetu wa Mombasa, deni la Antao liko kwenu kwanza. Miaka inakwenda, waliomwona akikimbia kwa macho yao wanapungua.

Antao hatuwezi tena kumpa chochote yeye mwenyewe, amekwisha kwenda. Lakini wapo wazee wetu wa Garsen, Hola, Bura na Kipini waliowahi kutuvisha nguo za heshima uwanjani, nao wako hai, wanapita sokoni kila siku. Hao tuwatunze wangali wanasikia.