Swynnerton na Mbung'o wa Shinyanga

Mwalimu afundishapo maradhi ya kuambukiza hana budi kuonyesha njia ambayo ugonjwa hupita. Maisha ya Charles Swynnerton ni mfano mwema wa somo hilo.

Swynnerton alizaliwa mwaka 1877. Hakuwa daktari, alikuwa mkulima huko Rhodesia ya Kusini, mwenye kupenda kuchunguza ndege, mimea na wadudu. Mwaka 1919 aliteuliwa kuwa Bwana Nyama wa kwanza wa Tanganyika. Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa, jirani na Shinyanga.

Kimelea cha malale huishi katika damu ya wanyama pori, kama pongo. Mbung'o hukinyonya pamoja na damu, na baada ya majuma kadhaa huweza kumwambukiza mtu amwumaye. Mwili hupigana: hutengeneza kingamwili zinazolitambua ganda la nje la vimelea na kuviangamiza. Lakini vichache huwa vimekwisha kubadili ganda, navyo huzaana upya. Homa hupoa, kisha hurudi. Ndiyo sababu hadi leo hakuna chanjo ya malale, na mgonjwa asiyetibiwa hufa.

Siri hiyo ya ganda haikujulikana zama za Swynnerton. Yeye aliutafuta udhaifu wa adui nje ya mwili. Alichunguza mahali mbung'o apumzikapo na azaliapo, akaona kwamba bila kivuli cha vichaka hawezi kudumu. Wasukuma kwa maelfu walitoka na mashoka yao wakafyeka pori la Shinyanga. Mwaka 1929 akawa mkurugenzi wa kwanza wa utafiti wa mbung'o. Aina moja ya mbung'o ilipewa jina lake. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Ufyekaji, pamoja na kilimo na wingi wa mifugo, uliiacha ardhi uchi, hata mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa HASHI ili kurudisha miti. Ngitili za jadi zikafufuliwa.

Darasani, iwe Shinyanga au Geita, wanafunzi wachore mnyororo huu: mnyama, mbung'o, mtu. Kisha mwalimu aulize maswali mawili: tuukate wapi, na kwa gharama gani? Asiwape majibu upesi. Mtoto anayeweza kuujibu mnyororo wa malale ataweza pia kuuchora ule wa malaria na wa kipindupindu, wala hatasema tena kwamba ugonjwa ni laana.