Roger wa Taizé: Kijana wa baiskeli aliyeficha wakimbizi
Hebu wewe unayesoma hii ukiwa Lokori, Lodwar au Kakuma, nikuulize swali. Mtu usiyemjua anabisha usiku, anakimbia wanaotaka kumuua. Ukimficha, na wewe unaweza kukamatwa. Utafungua? Usijibu haraka. Roger Schutz alijibu akiwa na miaka 25 tu.

Alizaliwa Uswisi tarehe 12 Mei 1915, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Ujanani kifua kikuu kilimlaza kitandani kweli kweli. Mwaka 1940, Ufaransa ikiwa imepigwa na Ujerumani, akatoka Geneva na baiskeli kwenda huko huko kwenye matatizo. Yaani wenzake wanakimbia vita, yeye anavifuata! Akafika Taizé, kijiji kidogo cha wakulima kule Burgundy, watu wengi wameshahama. Wewe wa Lokori unaijua hiyo hali: boma zipo, wenyewe hawapo. Mama mmoja mzee akamsihi abaki nao. Akanunua nyumba, akabaki.

Mpaka wa eneo lililoshikwa na Wajerumani haukuwa mbali. Wakimbizi wakaanza kubisha, Wayahudi wakiwemo. Roger na dada yake Geneviève wakawaficha, chakula chenyewe kikiwa cha kubahatisha. Na cheki hii: alikuwa anasali peke yake, ili mgeni asijione analazimishwa dini. Mwaka 1942 siri ikatoka, ikabidi akae Geneva hadi 1944.

Aliporudi, mambo yalikuwa yamegeuka. Sasa waliofungwa kambini karibu na kijiji ni Wajerumani. Wanakijiji walikuwa na machungu, na walikuwa na sababu. Roger na wenzake wakawakaribisha hao wafungwa Jumapili, wakala nao kile kidogo kilichokuwepo.

Pasaka ya 1949, ndugu saba waliweka nadhiri ya kuishi pamoja maisha yao yote. Walianza Waprotestanti, baadaye Wakatoliki wakaingia. Wanajitegemea kwa kazi za mikono yao, misaada hawachukui. Vijana wakaanza kumiminika kijijini kwa maelfu, wanalala kwenye mahema. Na Kenya anaijua: mwaka 1978 alikuja akaishi Mathare, Nairobi, mtaani kabisa.

Tarehe 16 Agosti 2005, katikati ya sala ya jioni, mwanamke mgonjwa wa akili alimchoma kisu. Alikuwa na miaka 90. Mlango wa kanisa lile haukufungwa baada ya hapo, na vijana wanaenda hadi leo.

Sisi Turkana tumeishi na wakimbizi Kakuma tangu 1992, kwa hivyo kumfungulia mgeni si jambo geni kwetu. Lakini yule wa upande uliochukua mifugo yenu, naye akija akiwa na njaa? Hapo ndipo Roger ananisumbua. Wewe je?