Chevreul, Aliyeyapasua Mafuta

Barazani kwetu swali hili halikomi: sabuni iliyopikwa kwa mafuta ya nguruwe, je, ni nguruwe bado? Hukumu yake nawaachia masheikh. Lakini atakaye kujua hasa yanayotokea ndani ya sufuria ya sabuni, hana budi kumjua Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, maana sabuni aliyoanzia yeye ilikuwa hiyo hiyo.

Alizaliwa mjini Angers mwaka 1786, mwana wa tabibu. Utoto wake uliangukia katika Mapinduzi ya Ufaransa, akaona kwa macho yake watu wakikatwa vichwa hadharani. Alipofika umri wa miaka 17 alikwenda Paris kusoma kemia kwa Vauquelin, mjuzi aliyesifika sana wakati ule.

Mwaka 1811 aliletewa sabuni laini ya mafuta ya nguruwe na potasi aichunguze. Alipoitia majini, aliona chembe zikimeta kama lulu. Kutokana na chembe hizo akapata kitu cheupe cha mafuta ambacho, ajabu, kilikuwa na tabia ya tindikali. Akakipa jina kutokana na neno la Kiyunani la lulu, na jina hilo ndilo lililozaa neno majarini, tunayopaka kwenye mkate. Baadaye ilibainika kwamba lulu ile ilikuwa mchanganyiko wa tindikali mbili, lakini jina lilikwisha shika.

Kabla yake, watu walidhani kwamba mafuta ni kitu kimoja, na kwamba yakipikwa na magadi hushikana nayo tu. Chevreul akachunguza mafuta ya kondoo, ng'ombe, bata bukini, hata ya binadamu, na mwaka 1823 akatoa kitabu. Alionyesha kwamba mafuta ni tindikali zilizofungamana na gliserini, kitu kizito chenye utamu, na kwamba kupika sabuni ni kukifungua kifungo hicho. Shahidi wake alikuwa mizani. Shahamu ya uzito wa 100 hutoa tindikali karibu 95 na gliserini karibu 10. Ile ziada imetoka wapi? Ni maji, yaliyoingia pale palipokatika.

Tindikali hizo hazilingani, wala vipimo vyake havilingani katika kila mafuta. Ndiyo sababu mafuta ya nazi huganda chupani asubuhi za baridi ya Julai, na ya samaki hayagandi.

Bwana huyu hakuchoka. Mwaka 1815 alithibitisha kwamba sukari iliyomo katika mkojo wa mgonjwa wa kisukari ni ile ile ya zabibu. Kolesteroli, inayotutisha leo hospitalini, ni yeye aliyeipa jina, akiitoa katika mawe ya nyongo. Mwaka 1825, pamoja na Gay-Lussac, alichukua hataza ya mishumaa ya tindikali za mafuta, isiyonuka kama ile ya shahamu. Habari zake za rangi za nguo zataka ukurasa wake peke yake.

Nirudi barazani. Wanazuoni wengi wa Kihanafi husema najisi ikigeuka kuwa kitu kingine, hukumu yake nayo hugeuka. Sisi Mashafii mlango huo tumeubana zaidi, ingawa tunakubali mvinyo uliogeuka siki wenyewe. Chevreul angempa kila mmoja hoja. Mafuta yale hayapo tena, yamevunjika, hilo ni kweli. Lakini tindikali zake zimo ndani ya sabuni, na nyingi ni zile zile zipatikanazo kwa kondoo. Mimi naona hapo kemia imefika mwisho wa kamba yake.

Mzee Chevreul aliishi miaka 102. Alikwenda kuutazama Mnara wa Eiffel ukijengwa, akafariki tarehe 9 Aprili 1889, siku tisa baada ya mnara kuzinduliwa. Jina lake limeandikwa juu yake, pamoja na wataalamu wengine 71.